Nyumba ya kodi imechakaa na pesa za kuirekebisha hakuna: jibu kwa mwalimu mstaafu wa Nakuru

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu. Marehemu mume wangu aliacha nyumba ya vyumba vitatu vya kulala hapa Free Area, Nakuru, na nimeipangisha kwa Sh28,000 kwa mwezi. Mimi naishi kwa dada yangu Njoro, na kodi hiyo pamoja na pensheni ndiyo inayonisukuma. Paa linavuja jikoni na kwenye korido, mfuniko wa tangi la septiki umebonyea, soketi ya jikoni iliungua, na shawa ya maji moto inazima stima kila mara. Fundi amenipigia hesabu ya Sh640,000. Sina. Kwenye SACCO nina akiba ya Sh90,000 tu. Mpangaji wangu ni muuguzi, amekaa miaka minne bila matatizo, lakini miezi miwili sasa analipa nusu ya kodi akisema nusu nyingine nitaiona nikirekebisha. Kijana wangu ananiambia niuze. Hati bado ina jina la marehemu. Nifanye nini?

Jibu: Mwalimu, pole kwa mzigo huu. Kabla hatujagusa habari ya mikopo au ya kuuza, nakuomba upige simu leo kuhusu mfuniko wa hilo tangi. Zege likibonyea ujue nondo za ndani zimeliwa na kutu kwa sababu ya mvuke wa uchafu, na mfuniko wa namna hiyo hauanguki polepole. Siku moja unashuka wote pamoja na aliyesimama juu yake. Tafuta kijana wa mjengo apigilie ua wa mbao na mabati chakavu kuzunguka eneo lote, hatua mbili tatu nje ya ukingo wa tangi, na mpangaji awaambie majirani watoto wasicheze upande huo. Hiyo ni kazi ya kibarua wa siku moja. Na mtu yeyote asishuke ndani "kuangalia tu". Hewa ya mle huua haraka, na mara nyingi anayeshuka kumwokoa mwenzake hufa naye.

Sasa tuje kwa karatasi ya fundi uliyonitumia. Ameandika paa lote jipya Sh285,000, septiki mpya Sh140,000, waya za nyumba nzima Sh75,000, plasta na rangi Sh80,000, kabati na vigae vya jikoni Sh60,000. Simlaumu. Ulimuuliza kila kitu kitagharimu ngapi, naye akakujibu kila kitu. Lakini hiyo ni bei ya kuifanya nyumba iwe mpya, na kwa hali yako ya sasa unachotafuta ni mambo mawili: nyumba isiendelee kuoza, na anayekaa ndani awe salama. Rangi haiingii hapo. Kabati hazimo. Tena ukuta uliolowa ukipakwa rangi leo utamenyeka kabla ya mwaka kuisha, kwa hiyo hata ungekuwa na pesa ningekuzuia. Toa hizo Sh140,000 za rangi na kabati kwenye hesabu, usizifikirie tena mwaka huu.

Paa ndilo linalotaka akili zaidi, kwa sababu ndilo linaloharibu vingine vyote. Maji yakiingia juu yanaozesha mbao, yanaangusha dari, yanafika kwenye waya. Barua yako imenifikia Januari, na mvua ndefu huwa zinaanza Machi. Huo ndio muda ulio nao.

Kwanza jua paa lako ni la nini. Nyumba za zamani mjini Nakuru baadhi yake zina paa la asbesto, zile karatasi nzito za kijivu zenye mawimbi mapana, zinazofanana na simiti. Kama ni hizo, fundi asizipande, asizitoboe wala kuzivunja. Vumbi lake linaleta ugonjwa wa mapafu na saratani. Asbesto imepigwa marufuku Kenya tangu 2006, na kuiondoa ni kazi ya watu walioidhinishwa na NEMA, mamlaka ya mazingira. Kwa maelezo yako naona ni mabati ya kawaida, lakini hakikisha kwa macho.

Kama ni mabati, usikubali paa zima ling'olewe kabla ya uchunguzi huu. Nenda siku ya jua kali, saa sita mchana. Fundi apande ndani ya dari, afunge kile kidirisha cha kupandia, azime tochi, akae dakika chache mpaka macho yazoee giza. Kila tundu litajionyesha lenyewe kama kitone cha mwanga. Aweke alama ya chaki kwenye ubao ulio karibu na kila kitone. Kisha awashe tochi na aangalie mbao: palipo na michirizi myeusi ndipo maji yanapopita, na mara nyingi si pale yanapodondokea chini. Maji huingia juu, yakafuata ubao mita mbili au tatu, ndipo yakadondoka. Ndiyo maana watu hubadilisha bati lililo juu ya doa la dari, na mvua ijayo doa linarudi palepale. Mwisho achukue bisibisi na kuchoma kila ubao wenye michirizi. Ikiingia kama kwenye mkate, ubao huo umekwisha. Ikigoma, ubao bado una miaka.

Utakachogundua, kwa nyumba ya umri huo, mara nyingi ni vitu vitatu. Vipira vya chini ya vichwa vya misumari vimekauka na kupasuka kwa jua, kofia ya paa, lile bati la kilele, imeachia, na pale pande mbili za paa zinapokutana mfereji wa bati umetoboka kwa kutu kwa sababu majani na vumbi hujaa humo na kukaa na unyevu. Vumbi la Nakuru unalijua mwenyewe. Jikoni na korido kuvuja kwa pamoja kunanifanya nishuku huo mfereji. Kazi yake ni kubadilisha mfereji, kofia, mabati machache ya upande huo na mbao zilizooza, kisha kung'oa misumari iliyolegea kwingineko na kupiga mipya yenye vipira. Kwa mabati mapya chukua geji 28 au 30; geji 32 ni nyepesi, na namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, jambo ambalo hadiwea hawalisemi mpaka uulize. Kazi hiyo sitarajii ipite Sh95,000. Ikiwa bisibisi itazama kwenye mbao za nyumba nzima, hapo nitakubaliana na fundi wako. Ila lazima kwanza izame.

Stima ni rahisi kuliko ulivyoambiwa. Shawa ya maji moto huvuta kilowati 5 au hata zaidi, na nyumba nyingi shawa hiyo iliongezwa baadaye na mtu aliyeiunganisha kwenye waya mwembamba wa soketi za kawaida. Waya unapata moto, plastiki inalainika, soketi iliyo kwenye laini hiyohiyo inaungua. Dalili zako mbili, soketi kuungua na shawa kuzima stima, nadhani ni ugonjwa mmoja. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi, mwombe akuonyeshe kadi yake bila aibu, apime laini moja moja, kisha aipe shawa waya wake mnene na swichi yake kwenye boksi la meni. Soketi zilizoungua zibadilishwe. Weka Sh25,000. Mpaka hapo, shawa isitumike kabisa. Mwandikie mpangaji ujumbe wa simu kusema hivyo na usiufute, kwa sababu mtu akidhurika katika nyumba yako, swali la kwanza litakuwa ulijua lini na ulifanya nini.

Septiki. Umesema kwenu hakuna bomba la maji taka la kujiunga nalo, kwa hiyo ni tangi na shimo la kunyonya, linalopeleka maji ya tangi ardhini. Hivyo ni vitu viwili, na fundi wako ameviandika kama kimoja. Leta eksosta, lile lori la kunyonya maji taka, wanyonye, kisha fundi aangalie kuta za tangi kwa tochi akiwa juu. Kuta za mawe zilizopigwa plasta vizuri huwa bado nzima wakati mfuniko umekufa, na mfuniko peke yake unaweza kumwagwa upya kwa nondo na zege. Shimo la kunyonya ndilo linalochoka: udongo wa Nakuru ni majivu ya volkano, unanyonya maji vizuri ukiwa mpya, lakini mafuta na sabuni vikiziba kuta zake basi maji yanarudi kwenye tangi. Na kwa sababu udongo huo ni laini na hubomoka, shimo jipya lijengewe mawe pande zote, lisiachwe wazi kama baadhi ya mafundi wanavyofanya ili kupunguza gharama. Likae mbali na msingi wa nyumba. Mfuniko mpya, eksosta na shimo jipya, nakadiria Sh95,000. Kama kuta za tangi zenyewe zimepasuka, tutarudi kwenye bei ya fundi, na hiyo ndiyo sehemu ya hesabu yangu nisiyoweza kuitetea mpaka eksosta imalize.

Kwa hiyo paa 95,000, septiki 95,000, stima 25,000. Jumla Sh215,000. Ongeza Sh35,000 ya yasiyotarajiwa, maana yapo kila mara, unapata Sh250,000. Bado ni pesa nyingi, lakini angalia tofauti yake. SACCO nyingi hutoza riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani kwa deni linalobaki tu. Kwa kiwango hicho Sh640,000 kwa miezi 24 ungelipa zaidi ya Sh30,000 kila mwezi, yaani kupita kodi yenyewe. Hata kwa miezi 36 ni kama Sh21,260, na ungebaki unafanya kazi ya SACCO. Ukikopa Sh220,000, malipo ni kama Sh10,360 kwa miezi 24, au kama Sh7,300 kwa miezi 36. Mimi ningechukua miezi 36 na kuomba ruhusa ya kulipa mapema bila faini. Kwa nini 220,000 na si 250,000, nitakueleza nikifika kwa mpangaji.

SACCO nyingi pia hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo Sh90,000 zako zinakufikisha Sh270,000 ukipata wadhamini. Uliza kama wanamkopesha mstaafu kwa kukata kwenye pensheni. Na jambo linalokufaa zaidi: mkopo wa wadhamini hauhitaji hati ya nyumba, ambayo huna uwezo wa kuiweka rehani kwa sasa.

Mikopo ya simu iache. Riba yake ya siku 30 haionekani kubwa unapokopa elfu tano ya dharura, lakini paa halirudishi pesa kwa mwezi mmoja. Shailoki, yule mkopeshaji binafsi wa riba kubwa, usimkaribie hata akiwa mtu wa kanisani kwenu. Na kuna mwingine atakayekuja, kwa sababu habari za nyumba yenye shida hutembea: atakwambia atarekebisha kila kitu kwa pesa zake, akae miaka mitano bila kulipa. Miaka mitano ya kodi yako ni Sh1,680,000. Kazi yenyewe ni ya Sh250,000. Mwambie asante.

Jinsi ya kumlipa fundi nayo ni sehemu ya kuokoa pesa. Nunua vifaa mwenyewe hadiwea, lete mtu wa kuhesabu vinaposhushwa, na fundi umlipe ufundi peke yake. Ufundi ugawe: sehemu akianza, sehemu kazi ikifika katikati, na sehemu ya mwisho ibaki mkononi mwako mpaka mvua ya kwanza kubwa inyeshe na dari likae kavu. Fundi anayejiamini atakubali. Bei ya kazi iandikwe hata kama ni kwa daftari la shule, mkatie sahihi nyote wawili.

Sasa mpangaji wako, ambaye kwa maoni yangu ndiye mali kubwa uliyo nayo kwenye hii nyumba kuliko hata mabati. Najua umeudhika. Miaka minne ya amani halafu nusu ya kodi, unaona amekugeuka. Sheria haimpi ruhusa ya kujikatia kodi kwa uamuzi wake peke yake. Lakini Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inamtaka mwenye nyumba ahakikishe nyumba ya kuishi inafaa kukaliwa na binadamu mwanzoni mwa upangaji na muda wote wa upangaji. Hakimu akionyeshwa picha za soketi iliyoungua na tangi lililobonyea, wewe ndiye utakayeulizwa kwanza. Na kodi yenu imepita mbali Sh2,500 kwa mwezi, kiwango cha mwisho kinachosimamiwa na Baraza la Kudhibiti Kodi za Nyumba, kwa hiyo mgogoro ungeishia mahakamani kwa gharama za mahakamani.

Kumtoa unaweza kwa notisi, maana upangaji wa mwezi kwa mwezi huvunjwa kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, inayoisha siku ya kulipa kodi. Lakini unamtoa uende wapi? Nyumba ikikaa tupu miezi miwili umepoteza Sh56,000, na hakuna mpangaji mpya wa Sh28,000 atakayeingia penye septiki iliyobonyea. Na utasikia ushauri wa kufunga maji, kung'oa mlango au kushusha mabati ili atoke. Mwalimu, hilo ni kosa kisheria bila amri ya mahakama, na ni ukatili kwa mtu anayetoka zamu ya usiku hospitali.

Nenda ukamwone, usitume ajenti wala kijana wako. Mpelekee hesabu hii yote iliyoandikwa, aione. Watu wengi huacha kulipa kwa sababu wameripoti shida mara tatu na kujibiwa "nitaangalia". Akiona tarehe na bei, mazungumzo yanabadilika. Pendekezo langu kwenu ni hili: zile Sh28,000 alizozuia miezi hii miwili asikupe mkononi. Zimlipe fundi wa stima Sh25,000, na Sh3,000 zinazobaki ziende kwenye ule ua wa tangi. Kwa njia hiyo deni lake limekwisha, stima yake iko salama ndani ya wiki, na wewe hujakopa kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu mkopo wako unashuka hadi karibu 220,000. Amana yake ya mwezi mmoja usiiguse. Hiyo ni pesa yake iliyo kwako.

Yaandikeni. Maneno yanaweza kuwa mepesi tu, mfano: "Sisi tulioweka sahihi hapa tumekubaliana kuwa Sh28,000 za kodi ya Desemba na Januari zitalipa kazi ya stima na ua wa tangi, risiti zikiwa kwa jina la mwenye nyumba. Mwenye nyumba atakamilisha septiki kufikia mwisho wa Februari na paa kufikia tarehe 15 Machi. Mpangaji atalipa kodi kamili kuanzia Februari, na ataruhusu mafundi kuingia akiarifiwa siku moja kabla. Tarehe hizo zikipita bila kazi kuisha, mpangaji atalipa Sh20,000 kwa mwezi mpaka iishe. Kodi haitapanda kwa miezi 12." Sahihi mbili, shahidi mmoja kila upande, nakala kwa kila mtu. Hicho kipengele cha Sh20,000 kitakuuma, lakini ndicho kitakachomfanya akuamini, na kinakulinda pia, kwa sababu bila hicho anaweza tena kujikatia kiasi anachotaka.

Kama baadaye kutatokea kazi ndogo, bomba au kitasa, mruhusu ailipe na kukata kwenye kodi, ila kwa bei mliyokubaliana kabla na kwa kiwango cha mwisho kwa mwezi. Kazi kubwa usimwachie. Mpangaji aliyejenga huanza kujiona mbia, na ugomvi wa namna hiyo hauishi.

Kuna pesa nyingine ambayo huenda inakutoka bila sababu, nayo ni ushuru wa KRA, mamlaka ya mapato. Sh28,000 mara 12 ni Sh336,000. Mwenye nyumba anayepata kati ya Sh288,000 na Sh15,000,000 kwa mwaka huwekwa kwenye ushuru wa kodi ya nyumba wa kila mwezi, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokelewa, unaolipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwako ni Sh2,100 kwa mwezi, Sh25,200 kwa mwaka. Ubaya wake ni kwamba matengenezo hayakatwi hata shilingi. Uweke paa la dhahabu, utalipa asilimia ileile.

Lakini sheria inaruhusu mwenye nyumba amwandikie Kamishna wa KRA kuchagua kutotozwa kwa mfumo huo, badala yake atozwe kwa mwaka kwa viwango vya kawaida baada ya kutoa gharama. Matengenezo ni gharama inayokatwa. Kuongeza chumba kipya si matengenezo. Toa Sh215,000 kwenye Sh336,000, zinabaki Sh121,000. Asilimia 10 yake ni Sh12,100, na nafuu ya binafsi, ile punguzo la ushuru la kila mlipaji, ya Sh28,800 kwa mwaka inaimeza yote. Ikiwa huna mapato mengine yanayotozwa ushuru, mwaka wa matengenezo unaweza kuisha bila kulipa chochote, na Sh25,200 hizo ni zaidi ya miezi mitatu ya mkopo wako. Mhasibu akague hesabu na kuandika barua hiyo. Ili gharama zikubalike, vifaa vinunuliwe kwenye hadiwea inayotoa risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa KRA, yenye namba yako ya PIN. Risiti ya kuandikwa kwa mkono haitakusaidia.

Mwisho ni ushauri wa kijana wako wa kuuza. Si ushauri mbaya kwa kila mtu, na kama eksosta itafichua tangi lililopasuka na bisibisi itazama kwenye mbao za paa zima, mimi mwenyewe nitakwambia mkae chini mliongee. Ila kwa sasa huwezi kuuza, hata mnunuzi akija na pesa taslimu. Kama hati ina majina yenu wawili kwa umiliki wa pamoja, msajili wa ardhi huondoa jina la marehemu kwa kuonyeshwa cheti cha kifo, na nyumba inabaki yako. Umeniambia ina jina lake peke yake. Kwa hiyo ni lazima mpitie mirathi mahakamani, na baada ya mahakama kutoa barua za usimamizi, zinazompa mtu mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu, kwa kawaida hupita miezi sita kabla ya kuzithibitisha. Kama hakuacha wasia na mna watoto, sheria ya mirathi inakupa wewe mjane haki ya kuitumia na kula kodi yake, kwa kawaida maisha yako yote, lakini kuiuza kunahitaji idhini ya watoto wote waliofika umri wa utu uzima, na ya mahakama. Anayekuahidi kuuza "haraka haraka" kwa hati hiyo ni mtu wa kukimbiwa. Na nyumba inayovuja hununuliwa kwa bei ya ploti, kwa hiyo hata kama mtauza mwakani, Sh95,000 za paa hazitapotea.

Huyo kijana ni mmoja wa warithi. Paa analotaka liuzwe ni lake pia kesho. Mwonyeshe hesabu hii na umwombe kwa uwazi achangie, hata kama ni ya mabati tu, na ndugu zake vilevile. Kila elfu kumi watakayoleta inapunguza mkopo ulio kwa jina lako. Kisha, wakati fundi anaendelea na paa, mwende naye kwa chifu mkaombe barua inayotaja warithi wote wa marehemu, kwa sababu bila barua hiyo mahakama haitapokea ombi lenu la mirathi. Mbebe cheti cha kifo, nakala ya hati, na namba za vitambulisho vya watoto wote.